Kutoka Naguru hadi Rwenzori: Njia ya Zamani ya Barafu na Majina Yake

Kilima cha Naguru, mashariki ya katikati ya jiji la Kampala, kipo takriban nyuzi 0 na dakika 20 kaskazini ya ikweta. Kilele cha Margherita, kirefu kuliko vyote katika milima ya Rwenzori, kipo nyuzi 0 na dakika 23. Ukichora mstari kutoka Naguru kwenda magharibi bila kuupindisha, utapita kusini kidogo ya Mubende na Fort Portal, na baada ya kilomita kama 300 utakuwa umefika kwenye barafu. Jua ni lilelile, na urefu wa mchana na usiku ni uleule. Tofauti ni kimo. Naguru ipo kwenye mita 1,200 na ushei, Margherita ipo kwenye mita 5,109. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hushuka kwa takriban nyuzi 6. Wastani wa joto la Kampala ni nyuzi 22 hivi. Toa nyuzi 23 za mwinuko, unabaki chini kidogo ya sifuri. Hesabu hiyo fupi ndiyo iliyoiweka barafu kwenye ikweta kwa maelfu ya miaka, na ndiyo inayoiondoa sasa, kwa kuwa kilele hakina nyuzi nyingi za akiba.

Naguru panafaa kuanzia safari hii kwa sababu ya pili pia. Hapa ndipo yalipo makao makuu ya Polisi ya Uganda, na polisi, kama jeshi, wamekitumia Kiswahili kama lugha ya kazi tangu enzi za ukoloni. Katika jiji ambalo Kiganda ndicho lugha ya sokoni na Kiingereza ndicho lugha ya ofisini, kambi za polisi ni moja ya sehemu ambazo mtu wa Arua, wa Mbale na wa Kasese husemezana kwa Kiswahili. Mtoto anayekulia huko hulijua neno barafu mapema, kwa sababu ya friji. Waganda nao wamelichukua neno hilo na kulifanya lao, wakaliita bbalaafu. Kitu pekee kilichoganda ambacho mtoto huyo hukiona kikitoka mbinguni ni mvua ya mawe, ambayo majirani zake Waganda huiita omuzira, neno ambalo wao hulitumia pia kwa theluji.

Makala haya yanaifuata njia ya zamani iliyoanzia pwani, ikapita Kilimanjaro na Ziwa Viktoria, ikaishia kwenye barafu ya Rwenzori. Mengine nimeyafuata kwenye vitabu vya wasafiri, mengine kwenye barabara yenyewe iendayo magharibi. Ninachotaka kusema ni kimoja: watu wa nchi hizi waliijua barafu yao kabla ya wasomi wa Ulaya kuikubali, elimu yake ikaandikwa bila lugha zao, na sasa barafu inaisha kabla hatujajipatia maneno ya kuieleza kwa watoto wetu.

Baridi, fedha na maji

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, aliyekuwa akitokea Rabai karibu na Mombasa, aliona kitu cheupe kinachong'aa juu ya mlima mbali mbele yake. Aliyekuwa akimwongoza ni Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyezoea misafara ya bara. Rebmann alipomuuliza weupe ule ni nini, Bwana Kheri alimjibu kwa neno moja: baridi. Rebmann alielewa papo hapo kwamba anatazama theluji, akaliandika jibu hilo katika shajara yake.

Katika safari iliyofuata mwaka huohuo alijifunza mengi zaidi. Wachaga walikiita kile cheupe Kibo. Walijua kwamba mito yao inatoka huko. Yalikuwepo masimulizi ya mfalme wa zamani wa Machame aliyetuma watu wapande wakachunguze kama weupe ule ni fedha. Wengi hawakurudi, na aliyerudi alirudi na mikono na miguu iliyoharibiwa na baridi. Tena ilijulikana kwamba kile kilichofanana na fedha, kikitiwa kwenye chombo na kuteremshwa, hugeuka kuwa maji matupu.

Tuyaangalie majibu hayo kwa makini. Mmoja alisema baridi, mwingine akasema fedha, mwingine akasema maji. Mtaalamu wa barafu anayepanda Kibo leo na vyombo vyake hupima mambo hayohayo matatu: joto la hewa, kiasi cha mwanga wa jua unaorudishwa na uso mweupe, na kiasi cha barafu kinachoyeyuka. Theluji mpya hurudisha sehemu kubwa sana ya mwanga unaoipiga, na ndiyo maana haiyeyuki haraka hata chini ya jua la ikweta. Barafu kuukuu iliyochafuka kwa vumbi hurudisha kidogo zaidi, hivyo huyeyuka upesi. Mng'ao ule ambao Wachaga waliufananisha na fedha ni sehemu ya maisha yenyewe ya barafu.

Ulaya haikusikiliza. Habari za Rebmann zilichapishwa mwaka 1849. Desemba mwaka huohuo mwenzake, Ludwig Krapf, aliuona Mlima Kenya kutoka Ukambani baada ya kuelezwa habari zake na Kivoi, mkuu wa Wakamba wa Kitui. Lakini mjini London mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, alisisitiza kwamba theluji kwenye ikweta haiwezekani, na katika kitabu chake cha mwaka 1852 aliendelea kuukataa ushahidi wa macho ya watu. Ubishi ulipungua pale Karl Klaus von der Decken alipopanda Kilimanjaro mwaka 1862 pamoja na Otto Kersten, wakafika zaidi ya mita 4,000 na kuangukiwa na theluji. Mwaka 1871 mmisionari Charles New alifika kwenye ukingo wa barafu yenyewe. Watu wengi wa msafara wake walikuwa wameshindwa njiani kwa baridi, na aliyeendelea naye hadi juu alikuwa kijana wa pwani aitwaye Tofiki. Jina la Tofiki ni la kukumbukwa, kwa kuwa historia ya barafu ya Afrika imejaa wapandaji ambao hawakutajwa kabisa.

Mlima wa chumvi

Rwenzori ilichelewa kujulikana kwa wageni kwa sababu ya mawingu. Kilimanjaro ni mlima wa volkano uliosimama peke yake, na asubuhi nyingi huwa wazi. Rwenzori ni pande kubwa la miamba ya kale lililosukumwa juu kando ya Bonde la Ufa, na hewa yenye unyevu kutoka msitu wa Kongo huifunika karibu mwaka mzima. Msafiri Henry Morton Stanley alipiga kambi karibu na milima hii mwanzoni mwa mwaka 1876 bila kuona theluji yake. Gavana Emin Pasha aliishi miaka mingi upande wa Ziwa Albert naye asiione.

Tarehe 24 Mei 1888, Stanley akiwa tena karibu na Ziwa Albert, kijana mmoja wa msafara alimwonyesha mlima ambao watu walisema umefunikwa na chumvi. Stanley alitazama, akatambua kuwa ni theluji. Kitabu chake kinamtaja kijana huyo bila kumpa jina. Kwa nchi hiyo jibu la chumvi lilikuwa na maana kamili. Kusini ya Rwenzori lipo Ziwa Katwe, ambalo limetoa chumvi kwa karne nyingi, na biashara ya chumvi ilifika mbali. Kitu cheupe kinachofunika ardhi, kwa watu wa eneo hilo, kilikuwa chumvi kwanza.

Mwaka uliofuata, Juni 1889, luteni William Stairs alitumwa kupanda akiwa na Waunguja wa msafara huo. Walipita mita 3,200, kisha mabonde yaliyokatiza mbele yao na upungufu wa chakula vikawarudisha chini. Watu hao walikuwa Waswahili wa Unguja na mrima, waliofika huko kutoka mdomo wa Mto Kongo.

Wenyeji wa mlima hawakuhitaji kuonyeshwa chochote. Wakonzo, pamoja na ndugu zao Wanande wa upande wa Kongo, huiita theluji nzururu, na jina Rwenzururu, ambalo leo ni jina la ufalme wao, lina asili hiyo. Katika imani yao ya jadi, theluji ni makao ya Kithasamba, mwenye mlima na mwenye uhai wa watu wake. Wawindaji wao walizijua njia za juu, mapango ya kulala, na mahali ambapo mtu hapaswi kupita. Upande wa magharibi, Mutwanga na Beni, Kiswahili ni lugha ya kila siku. Kwa hiyo mlima huu umesimama muda mrefu kati ya watu wanaokisema Kiswahili, ingawa vitabu vyake vyote vikubwa vimeandikwa kwa lugha za Ulaya.

Barabara ya 1906

Mwaka 1906 ndio mwaka mkubwa wa njia hii. Luigi Amedeo, Mtawala wa Abruzzi, mtoto wa familia ya kifalme ya Italia aliyekwisha kupanda milima ya Alaska na kusafiri kuelekea Ncha ya Kaskazini, alitua Mombasa mwezi Mei. Alipanda reli ya Uganda hadi Kisumu, ambako njia ya reli ilikuwa imefika mwaka 1901, akavuka ziwa kwa meli hadi Entebbe. Kutoka hapo msafara ulikwenda kwa miguu hadi Fort Portal. Leo basi la Kampala hufika Fort Portal kwa saa chache kupitia Mityana na Mubende. Msafara wa mtawala, wenye mamia ya wapagazi, ulichukua takriban majuma mawili.

Alikuwa amejipanga kama mtu anayekwenda kuchora ramani. Umberto Cagni alisaidia vipimo, Alessandro Roccati alichunguza miamba, Achille Cavalli Molinelli alikuwa daktari, na Vittorio Sella alibeba kamera kubwa za vioo. Waliongozwa kwenye barafu na wapanda milima wa Alpi. Kambi yao kuu ilikuwa Bujongolo, chini ya mwamba ulioinama kwenye bonde la Mubuku, karibu mita 3,800. Mizigo ya sehemu za juu ilipandishwa na Wakonzo, waliotembea kwenye matope, mizizi na baridi ambayo wageni waliieleza kwa mshangao.

Tarehe 18 Juni 1906 Mtawala wa Abruzzi alisimama kwenye kilele cha juu kabisa. Kabla ya kuondoka, msafara ulikuwa umepanda vilele vyote vikuu na kuipanga milima katika makundi sita. Majina yaliyopewa makundi hayo ni Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Vilele viwili vya juu vikaitwa kwa majina ya Malkia Margherita wa Italia na Malkia Alexandra wa Uingereza. Barafu zikaitwa kwa majina ya wasafiri, wanasayansi na mabibi wa kifalme. Katika ramani ile, karibu hakuna barafu iliyoachiwa neno lolote la wale walioiangalia kila siku kutoka mashambani mwao.

Hata hivyo kazi ile ina thamani kubwa. Picha za Sella ndizo kipimo cha kwanza cha kuaminika cha barafu ya Rwenzori. Kwa kulinganisha na ramani na picha hizo, watafiti wa baadaye wamekadiria kwamba mwaka 1906 barafu ilifunika takriban kilomita za mraba 6.5. Kila takwimu ya upungufu tunayoisoma leo inaanzia hapo.

Kilima cha Makerere

Kutoka Naguru, ukitazama ng'ambo ya pili ya jiji, kipo kilima cha Makerere. Katika miaka ya 1950 palikuwa na kazi mbili kwenye kilima hicho ambazo historia yetu inapaswa kuzitaja pamoja.

Ya kwanza ni ya lugha. Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1930 ili kusanifisha lugha, ilihamishia makao yake Makerere mwaka 1952, ikakaa huko hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baadaye ilikwenda Dar es Salaam ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Kwa hiyo kwa takriban miaka kumi, shughuli za usanifishaji wa Kiswahili ziliendeshwa kutoka Kampala.

Ya pili ni ya barafu. Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, 1957 hadi 1958, ulileta fedha na ari ya kupima dunia nzima. Wahadhiri na wanafunzi wa Makerere walianza kupanda Rwenzori kuweka alama kwenye ncha za barafu za Speke na Elena, wapime jinsi zinavyorudi nyuma. Ripoti yao kuu ilichapishwa Uingereza mwaka 1963, kwa Kiingereza. Katika miaka hiyohiyo Henry Osmaston, ofisa misitu wa Uganda, alikuwa akiichunguza milima hii, na mwongozo alioutoa pamoja na David Pasteur mwaka 1972 umekuwa kitabu cha kila mpandaji.

Kilima kimoja kilikuwa na watu wa maneno na watu wa barafu, lakini maneno ya barafu hayakupatikana. Ndiyo kazi ambayo bado inatungoja, na inafaa nieleze maana za maneno hayo hapa, kwa kuwa bila hayo hatuwezi kuelewa kinachotokea mlimani.

Theluji ni fuwele za barafu zinazoanguka kutoka mawinguni, zikiwa na hewa nyingi katikati yake. Ikikaa, hushindiliwa, huyeyuka kidogo mchana na kuganda tena usiku, ikawa chembe ngumu za mviringo. Wataalamu duniani huiita hali hiyo firni. Firni ikizidi kushindiliwa, hewa hufungiwa ndani katika mapovu, nayo huwa barafu kamili. Barafu ikiwa nene vya kutosha, hulemewa na uzito wake yenyewe ikaanza kwenda chini ya mteremko polepole sana, mfano wa uji mzito kwenye sahani iliyoinamishwa. Hapo ndipo inapostahili jina la barafuto, neno ambalo waandishi wa jiografia kwa Kiswahili wamelikubali. Mwendo ndio sharti. Bonge la barafu lisilosogea haliitwi barafuto, hata liwe kubwa.

Barafuto hupata sehemu ya juu na kupoteza sehemu ya chini. Mpaka kati ya sehemu hizo mbili ni mstari wa mizani. Katika Alpi, barafuto hujaza ghala lake majira ya baridi na kulitumia majira ya joto. Kwenye Rwenzori hakuna majira hayo. Theluji huweza kuanguka mwezi wowote na kuyeyuka mwezi wowote, kwa hiyo ncha za barafuto zimekuwa zikipambana na jua siku zote za mwaka. Msaada mmoja ni ukungu. Matone ya ukungu yenye baridi chini ya sifuri hugandia kwenye miamba na kwenye kingo za barafu, yakafanya mapazia na nguzo zinazoning'inia. Watu wa Abruzzi walilazimika kupita chini ya nguzo hizo walipotafuta njia ya kufika Alexandra na Margherita.

Barafuto inapokwenda huburuta mawe na udongo. Inaporudi nyuma huyaacha yakiwa matuta, ambayo huitwa moreni. Moreni ndizo kumbukumbu zake. Karibu na Ziwa Mahoma, kwenye mita 3,000 hivi, mahali penye msitu mzito wa mianzi na miti ya maua, yapo matuta makubwa yanayothibitisha kwamba barafu iliwahi kufika huko. Mwaka 1962 Daniel Livingstone alitangaza umri wa matope ya chini kabisa ya ziwa hilo: zaidi ya miaka 14,000. Uchunguzi wa karibuni wa miamba ya Rwenzori, uliotolewa mwaka 2019, unaonyesha kwamba barafuto hizo zilianza kurudi nyuma takriban miaka 20,000 iliyopita, dunia ilipoanza kupata joto baada ya enzi ya barafu.

Ardhi inayoganda usiku

Barafu ya milima yetu haiko kwenye barafuto peke yake. Ipo pia ndani ya udongo, na hii ndiyo ambayo watu wengi hawaijui.

Mwanajiografia Mjerumani Carl Troll alizuru milima ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1930. Mwaka 1934 yeye na Karl Wien walichora ramani ya barafuto ya Lewis kwenye Mlima Kenya. Mwaka 1944 alichapisha kazi kubwa kuhusu udongo unaoganda duniani. Alionyesha kwamba katika nchi za baridi ardhi huganda kwa majira, lakini kwenye milima ya ikweta huganda kwa siku: kila usiku inaganda, kila mchana inayeyuka.

Matokeo yake yanaonekana alfajiri juu ya mita 4,000. Maji ya udongoni huvutwa juu na kuganda yakiwa vijiti vyembamba vilivyosimama wima, sindano za barafu, ambazo huinua changarawe na udongo kwa sentimita kadhaa. Jua likitoka, sindano huanguka na udongo husogea kidogo kuelekea bondeni. Jambo hilo likirudiwa mamia ya mara kwa mwaka, mteremko mzima husogea, mawe hujipanga kwa mistari, na miche ya mimea hung'olewa kabla ya kushika mizizi. Kwenye Mlima Kenya ipo kuvumwani ambayo imeacha kabisa kushika ardhi. Imeota kama mipira, ikigeuzwageuzwa na sindano za barafu na kuota kila upande.

Umande ulioganda juu ya majani ni jambo jingine, nao una majina ya Kiswahili tayari: jalidi, au sakitu. Wakulima wa chai wa nyanda za juu za Kenya wanaijua hasara yake, kwa kuwa huunguza majani kwa usiku mmoja.

Ipo pia ardhi iliyoganda ya kudumu. Wanasayansi huiita hivyo ardhi yoyote, iwe udongo au mwamba, inayobaki kwenye nyuzi sifuri au chini yake kwa miaka miwili mfululizo au zaidi. Kipimo ni joto tu, na hata mwamba mkavu usio na tone la maji huingia katika maana hiyo. Ardhi hiyo imetandaa Siberia, Alaska na Kanada ya kaskazini. Msomaji wa Naguru anapaswa kuijua kwa sababu inahifadhi kaboni nyingi ya mimea ya kale, na inapoyeyuka hutoa gesi zinazoongeza joto la dunia nzima, likiwemo la Rwenzori.

Hesabu ya leo

Mwaka 1906 palikuwa na kilomita za mraba 6.5. Mwaka 1987 zilibaki kama 2. Mwaka 2003 hazikufika 1. Watafiti waliotumia picha za setilaiti za mwaka 2021 na 2022 walipata takriban 0.38 kwa Rwenzori, 0.98 kwa Kilimanjaro na 0.07 kwa Mlima Kenya. Milima Emin, Gessi na Luigi di Savoia ilipoteza barafu yake karne iliyopita. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2024 na shirika la Project Pressure pamoja na washirika wake nchini Uganda uliripoti kwamba barafuto ya Stanley Plateau ilipoteza karibu asilimia 30 ya eneo lake kati ya 2020 na 2024, na kwamba Speke na Baker hazina tena barafuto.

Hapa ndipo maana ya neno inapokuwa na uzito. Mpandaji anaweza kufika Speke akaona weupe kati ya miamba na kusema barafu ipo. Ipo kweli, lakini imekoma kusogea na hailishwi tena kutoka juu. Wataalamu huiita barafu mfu. Hiyo huisha tu, na haina njia ya kujirudisha. Mwalimu wa Kasese anayewaambia wanafunzi wake kwamba Speke ina barafu, na gazeti linaloandika kwamba Speke haina barafuto, wote wawili wanasema kweli. Mwanafunzi asiye na maneno hayo mawili ataona kwamba mmoja wao anadanganya.

Ni lazima pia tuseme ukweli kuhusu maji. Husemwa mara nyingi kwamba barafu ikiisha mito ya Rwenzori itakauka. Vipimo vya watafiti, wakiwemo wa Makerere na wa idara ya maji ya Uganda, vinaonyesha kwamba maji ya barafu ni chini ya asilimia 2 ya Mto Mubuku unapofika chini ya mlima. Mto unalishwa na mvua, msitu na vinamasi vikubwa vya juu vinavyoshika maji na kuyaachia taratibu. Kwa hiyo anayetaka kulinda maji ya Kasese alinde msitu na vinamasi. Mafuriko ya Mto Nyamwamba yaliyoiharibu Kilembe mwaka 2013 na tena mwaka 2020 yalitokana na mvua kubwa kwenye mabonde makali.

Kinachopotea pamoja na barafu ni kitu cha namna nyingine. Wakonzo wanapoteza makao ya Kithasamba. Waongozaji na wapagazi wa Ibanda na Kilembe, ambao vizazi vyao vimewapandisha wageni tangu 1906, wanapoteza sehemu ya riziki yao, kwa kuwa njia za barafu zinageuka miamba mitupu na ya hatari. Sayansi inapoteza kumbukumbu ya hali ya hewa ya Afrika iliyohifadhiwa katika tabaka za barafu. Taifa linapoteza alama ya pekee ya ardhi yake, iliyo katika hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1991 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1994.

Neno kwa walimu na wahariri

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Umoja wa Mataifa nao uliutangaza mwaka 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Kuhifadhi Barafuto, na kuiweka tarehe 21 Machi kuwa siku yake kila mwaka. Mambo hayo mawili yakutane darasani.

Wanaoandika vitabu vya jiografia kwa Kiswahili waitumie Rwenzori, Kibo na Mlima Kenya kufundisha theluji, firni, barafuto, moreni, jalidi na ardhi iliyoganda, badala ya kuanzia Alpi. Mabaraza ya lugha ya Tanzania, Kenya na Uganda yakae na wanasayansi wa milima wayapange maneno haya kwa maana moja, ili mtoto wa Naguru na wa Moshi wasome kitu kilekile. Wazee wa Rwenzururu waulizwe maneno yao ya nzururu, ya ukungu, ya mawe na ya njia za juu, nayo yaandikwe kwa majina ya walioyasema, tusirudie kosa la 1906 na la kijana wa 1888. Watafiti wanaopanda kila mwaka watoe angalau muhtasari wa matokeo yao kwa Kiswahili, lugha inayosomeka pande zote mbili za mlima.

Mwaka 2006 timu ya watafiti iliyowashirikisha wanasayansi wa Uganda ilikadiria kwamba barafuto za Rwenzori zingetoweka ndani ya miongo miwili. Miongo hiyo imetimia na kipande kidogo bado kipo kwenye Mlima Stanley. Mwenye kalamu, mwenye kamera na mwenye darasa wafanye kazi yao wakati bado kipo.